Sweta za Zamani (2): Geuza Nje Ndani

Juma lililopita tuliishia kwenye lebo. Leo tuigeuze sweta nje ndani, maana raha ya mkusanyaji iko huko, na machungu yake pia.

Chukua sweta za Fair Isle, kisiwa kidogo cha Uskoti kilicho kati ya Orkney na Shetland. Sweta moja yaweza kuwa na rangi nane, lakini katika kila mstari mfumaji hutumia mbili tu. Uzi usio na zamu hupitishwa kwa nyuma. Ndiyo maana zina joto: ni kama umevaa mbili. Nyuzi hizo za nyuma zikilala bila kuvuta wala kuning'inia, jua aliyefuma alikuwa fundi. Mwaka 1922 mwana wa mfalme wa Uingereza, baadaye Edward VIII, alivaa mojawapo kwenye gofu pale St Andrews, na mtindo ukaenea. Za kuiga nazo zikafuata, na uzi wa akriliki ulipoingia sokoni miaka ya 1950, ikawa kazi kutofautisha kwa macho.

Kizibao changu nilikiokota kwenye rundo la mitumba, Arusha. "Mzee, hiyo ya kibabu nipe elfu tano twende," kijana akasema. Nikajifanya kusita, moyo ukidunda. Nyumbani nikachomoa kiuzi kwenye mshono, nikakitia kiberiti. Kikanuka nywele zilizoungua, kikaacha jivu linalofikichika. Sufu! Akriliki ingeyeyuka na kubaki kijidonge kigumu.

Furaha ilidumu miezi miwili. Nilipofungua sanduku, kwapani pana matundu. Watu humlaumu nondo arukaye. Kumbe yeye hali kitu. Walao sufu ni viwavi wake, na hupenda hasa penye jasho la mvaaji. Nami nilikuwa nimeogopa kukifua, kwa kuwa sufu ikisuguliwa kwenye maji ya moto, magamba ya nyuzi zake hushikana na nguo hurudi hadi ikamtosha mtoto. Sweta ya akriliki iliyokuwa kwenye sanduku hilohilo haikuguswa. Mdudu ana macho kuliko sisi.

Dawa ni baridi: wiki mbili kwenye friza, nyuzi joto 18 chini ya sifuri, ndani ya mfuko uliofungwa. Kizibao sasa kiko chini ya vibua, na mwenye jiko ameshaniuliza mara mbili kitatoka lini.