Punje ya Chumvi Mbele ya Eksirei

Punje ya chumvi ya mawe, ikitazamwa kwa kioo cha kukuzia, huonekana ina nyuso bapa na pembe mraba. Na hata ikigongwa kwa nyundo, aghalabu vipande vyake hutoka na pembe zile zile. Wataalamu wa zamani walikisia kwamba umbo hilo la dhahiri latokana na mpango uliomo batini, lakini hawakuwa na dalili ya kukata shauri, kwa sababu mawimbi ya nuru ya kawaida ni marefu zaidi ya mara elfu kuliko nafasi iliyopo baina ya atomi na atomi.

Mwaka 1912, mjini Munich, Max von Laue alitoa rai kwamba eksirei, aliyoivumbua Röntgen mwaka 1895 na ambayo wengi walikuwa wangali wakibishana kama ni mawimbi au chembe, huenda ikatawanywa kwa utaratibu na safu za atomi zilizomo ndani ya fuwele. Walter Friedrich na Paul Knipping wakaitia rai hiyo katika mizani: wakapitisha mwali mwembamba katika kipande cha mrututu, na juu ya bamba la picha lililowekwa nyuma yake yakatokea madoa meusi.

Aliyeyafasiri madoa hayo kwa njia nyepesi zaidi alikuwa Lawrence Bragg wa Cambridge, aliyeonyesha kwamba kila tabaka la atomi huurudisha mwali mfano wa kioo, na kwamba kwa kuipima pembe ambapo mawimbi yanayorudi huongezeana nguvu, nafasi ya tabaka kwa tabaka yaweza kuhesabiwa. Baba yake, William, akaunda chombo cha kupimia, na mwaka 1913 siri ya chumvi ikafichuka: kila sodiamu imezungukwa na klorini sita, kuume na kushoto, mbele na nyuma, juu na chini, na kila klorini vivyo hivyo na sodiamu sita, wala hapana sodiamu iliyo mali ya klorini fulani. Katika mstari wa milimita moja hupangana atomi zaidi ya milioni 3 na nusu. Na kwa kuwa sodiamu hiyo ina chaji chanya na klorini ina chaji hasi, nyundo ikilisogeza tabaka hatua moja tu, chaji za namna moja hukabiliana, zikasukumana, na jiwe likapasuka kwa mstari ulionyooka.

Baba na mwana walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1915, naye mwana ana umri wa miaka 25. Hata hivyo, mwaka 1927 mkemia Mwingereza Henry Armstrong, aliyezaliwa 1848, aliandika katika jarida la Nature akiipinga kwa kejeli chumvi hiyo iliyopangwa kama bao la sataranji. Mimi simcheki, kwani alikuwa akitetea molekuli aliyoitumikia umri wake wote; ila vipimo vilikuwa dhidi yake. Basi mwalimu aandikapo NaCl ubaoni, hana budi kuwaambia wanafunzi wake kwamba alama hiyo ni uwiano tu, moja kwa moja, na kwamba ndani ya punje ya chumvi hamna jozi iliyojitenga na nyinginezo.