Kipande Kilichokwama Kwenye Kabureta: Subira Hushinda Nguvu

Na MWANDISHI WETU

UPEPO wa kusi, unaovuma katika pwani yetu kuanzia Aprili hadi Oktoba hivi, huwazuia wavuvi wengi wenye vyombo vidogo kwenda mbali. Kuanzia Vanga hadi Lamu, mashine za boti huweza kuwekwa kando kwa wiki kadhaa. Kaskazi inaporejea na bahari kutulia, mwenye boti huvuta kamba ya kuwashia mara kumi, mara ishirini, na mashine isiitike.

Mara nyingi ugonjwa huwa katika kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia ndani ya injini. Petroli iliyoachwa humo hukauka na kubakisha utando unaonata kama ulimbo. Utando huo huziba jeti, yaani kijiskrubu cha shaba ya manjano chenye tundu jembamba katikati, ambalo petroli hupitia. Mwenye mashine hutwaa bisibisi ili aifungue na kuisafisha. Ghafla kichwa cha jeti hukatika, na kipande kilichobaki kikang'ang'ania ndani.

Kwa nini king'ang'anie hivyo? Mwili wa kabureta hizi kwa kawaida ni wa alumini, ilhali jeti ni ya shaba. Metali mbili tofauti zinapogusana penye maji ya chumvi, mkondo mdogo wa umeme huzuka kati yake, na alumini ndiyo inayoliwa. Unga mweupe unaotokea hujaa ndani ya hesi, ile mistari inayozunguka skrubu, na kuikaza jeti kana kwamba imechomelewa.

Hili si jambo la kupuuzwa. Katika mashine nyingi za zamani, mafuta ya kulainisha injini huchanganywa na petroli moja kwa moja. Jeti ikiziba nusu, petroli hupungua na mafuta hupungua pamoja nayo. Pistoni hupata joto kupita kiasi na huenda ikakwama kabisa, chombo kikiwa mbali na nchi kavu.

Fauka ya hayo, kabureta ya mashine kuukuu ni adimu madukani, ilhali jeti ni kitu kidogo cha bei nafuu. Kwa hivyo, fundi mwerevu haihurumii jeti. Anachotaka kuokoa ni mwili wa kabureta.

JOTO KABLA YA NGUVU

Hatua ya kwanza ni kuifungua kabureta mahali penye hewa ya kutosha, mbali na jiko, sigara na watoto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini hadi ukutane na moto, hata kama moto huo uko hatua kadhaa kutoka hapo. Boya, mipira na karatasi za kuzuia uvujaji huondolewa na kupangwa juu ya kitambaa cheupe kwa utaratibu.

Kisha kabureta huoshwa kwa sabuni hadi isibaki harufu ya petroli, ikakaushwa, halafu mafuta ya kulegeza kutu hudondoshwa juu ya kile kipande na kuachwa usiku kucha.

Asubuhi yake, kabureta hutumbukizwa katika maji yaliyochemka na kuepuliwa motoni. Hapa wanafunzi wa fizikia watakumbuka somo la kutanuka kwa metali: alumini hutanuka kuliko shaba inapopata joto, na kwa hivyo tundu hulegea kidogo. Hilo likirudiwa mara tatu au nne, na mafuta kuongezwa kila inapopoa, unga ule huanza kuachia. Sufuria iliyotumika isirudishwe jikoni kamwe. Moto wa gesi nao uepukwe, kwani baadhi ya kabureta ni za mchanganyiko wenye zinki, ambao huyeyuka upesi.

TUNDU LILE LILE HUSAIDIA

Kama sehemu ya kipande imechomoza, koleo ndogo yatosha. Kama imelingana na ukingo, mafundi hutumia hila rahisi. Jeti tayari ina tundu katikati, basi chuma kigumu chenye pembe nne na kilichochongoka, kama vile mkia wa tupa ndogo, hugongwa taratibu ndani yake hadi kishike. Kabureta ikiwa bado ya moto, chuma hicho huzungushwa kwa mkono kinyume cha mwendo wa mishale ya saa. Kikigoma, hurudishwa nyuma kidogo, kisha mbele tena.

Kutumia keekee ni hatua ya mwisho. Ncha yake iwe nyembamba kuliko jeti, ili kibaki kigamba chembamba cha shaba kinachoweza kuchokolewa kwa sindano bila kuharibu hesi. Nguvu nyingi hapa ni hatari. Ncha ya chuma kigumu ikikatikia ndani, keekee ya kawaida haitaitoboa.

Jeti mpya iwe na namba ile ile iliyochapwa kwenye ya zamani, na ikazwe kwa kiasi tu. Njia za petroli zisafishwe kwa upepo, si kwa waya, kwa maana waya hupanua matundu. Mashine inapojaribiwa, mguu wake uwe ndani ya maji, la sivyo pampu yake ya kupoza itaungua.

Wewe mkazi wa jijini usidhani hadithi hii ni ya wavuvi peke yao. Jenereta ya dukani, mashine ya kukata nyasi na pikipiki nyingi za bodaboda zina kabureta ya namna hiyo hiyo. Kama chombo chako hakitatumika kwa majuma kadhaa, funga bomba la petroli na uiache injini iunguruме hadi izimike yenyewe, ili kabureta ibaki tupu. Mwenye boti aongeze kusuuza mashine kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Kazi hiyo ni ya dakika chache tu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.