Gauni Dogo Kuliko Mwili

Gauni langu la kwanza la netiboli liliachia kwapani katikati ya mchezo. Niliruka kudaka mpira, nikasikia trrr, nikatua nimebana mkono ubavuni kama mwenye kichomi. Kitambaa kilikuwa kizima. Kilichokatika ni uzi: kitambaa kilivutika, mshono ulionyooka wa cherehani yangu ya miguu ukakataa.

Wanaotaka kujishonea gauni la michezo huniuliza pateni inapatikana wapi. Mimi huwauliza kitambaa gani. Pateni, ile karatasi ya kukatia, huchorwa kwa ajili ya kitambaa kinachovutika kwa kiasi fulani, na kiasi chenyewe huandikwa kwenye bahasha au ukurasa wa kwanza, pale pale watu wanaporuka.

Fundi wa vitenge amezoea kuongeza. Kifua cha sentimita 92 anakikatia 98 ili mtu apumue. Kwenye gauni la michezo la kubana, hesabu inageuka: kifua cha 92 hukatiwa kama 84, na mwili ndio unaolijaza gauni. Mteja akiliona mezani husema, "Fundi, hili si la mtoto?"

Basi pima kabla ya kushika makasi. Kunja kitambaa kwa upana, shika sentimita 10 juu ya rula, vuta mpaka kikatae. Kikifika 15, kinavutika asilimia 50. Sasa kiachie. Kikirudi 10, nunua. Kikibaki 11, kiache dukani hata kama rangi imekukaa moyoni, maana kitalegea makalioni kabla ya robo ya pili kwisha. Fulana ya pamba tupu huvutika vizuri sana. Kurudi ndiko kunakoishinda, na jasho inalinywa likabaki humo humo. Kinachorudisha kitambaa ni nyuzi za spandeksi, alizozibuni Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont mwaka 1958. Zitafute zikiwa zimechanganywa na poliesta au nailoni.

Pateni ya kuchapa nyumbani hutoka kwenye karatasi za A4 unazounganisha kwa gundi. Ina kimraba cha kupimia, mara nyingi sentimita 5 kwa 5. Kipime kweli. Kompyuta ikipunguza ukurasa, kimraba hutoka 4.8 na wewe unasema si kitu. Hiyo ni asilimia 4, na gauni lako la 84 limeshashuka chini ya 81.

Sindano ya kawaida hukata nyuzi za kitambaa hiki au huruka mishono. Omba ya vitambaa vya kuvutika, namba 75/11, yenye ncha butu kidogo, na utumie uzi wa poliesta. Mwenye ovaloki hana shida. Mwenye zigizaga apige nyembamba, upana wa milimita 1 hivi. Mwenye cherehani ya mshono ulionyooka tu, na ndizo zilizojaa barazani kwetu, ashone mishono mifupi huku akikivuta kitambaa kidogo mbele na nyuma ya mguu wa cherehani, kwa nguvu sawa. Ndicho nilichokosa kufanya mimi.

Shingo huwashinda hata wazoefu. Utepe ukiukata sawa na tundu, utasimama wima kama ukingo wa kikapu. Tundu la 60 likatie utepe wa 51. Gawanya vyote viwili mara nne, bana pini alama kwa alama, kisha vuta utepe peke yake unaposhona. Tundu liache lilale.

Na kitenge? Kiwiliwili, hapana, hakivutiki. Sketi inawezekana, ila ikate kwa kipimo cha nyonga badala ya kiuno, uikusanye kwa lastiki, la sivyo gauni halitapita mabegani. Kwa nyonga ya 98 na sketi ya nusu duara, gawa kwa 3.14: tundu la juu lichore kwa kamba ya sentimita 31. Ndani vaa taiti.

Gauni langu la pili ninalo mpaka leo. Shingo yake imepinda kidogo upande wa kushoto, lakini nikishavaa kizibao chenye herufi GA, za nafasi yangu uwanjani, juu yake, haionekani.