Mchawi kwenye katuni: Tuzime TV au tukae na watoto?

HIVI msomaji wangu, mwanao wa miaka sita akiwa anaangalia katuni yenye mchawi, wewe unafanyaje? Unazima TV, au unakwenda zako jikoni ukisema, "Aah, si katuni tu hiyo"?

Swali hili lilizua ubishi nyumbani kwa dada yangu, Delta ya Rufiji, wilayani Kibiti. Huko ni mikoko na mitumbwi, lakini usidhani wamepitwa na wakati. Sola ipo, TV ipo, na flashi zinatoka Kibiti mjini zimejaa filamu. Safari hii flashi ilikuja na Kirikou.

Kwa wasioijua, hiyo ni katuni ya mwaka 1998 ya Mfaransa Michel Ocelot, ambaye utotoni aliishi Guinea. Muziki ni wa Youssou N'Dour wa Senegal. Kirikou ni mtoto aliyeanza kusema angali tumboni mwa mama yake. Anazaliwa na kukuta balaa: chemchemi imekauka, wanaume wametoweka, na kijiji kizima kinasema mchawi Karaba amewala.

Jirani mmoja aliyepita barazani akachungulia, akashika kichwa. "Jamani, mnawafundisha watoto uchawi!" Mwingine akadakia, "Na hao wanawake mbona vifua wazi?" Dada akanigeukia: "Kaka, wewe ndiye mwandishi. Inafaa, haifai?"

Niliiangalia yote, dakika kama 70. Jibu langu: inafaa, ila kwa masharti.

VIFUA WAZI

Hoja hii ndiyo nyepesi. Hata huko Ulaya na Marekani baadhi ya wasambazaji walisita kwa sababu hiyohiyo, Ocelot akakataa kuwavisha watu wake. Lakini humo hakuna matusi wala mambo ya chumbani. Ni watu wa kijijini na kazi zao. Mwishoni kuna busu moja, basi.

UCHAWI

Hapa ndipo penye uzito. Rufiji ndiko alikotoka Kinjekitile wa Ngarambe, ambaye maji yake ya dawa yaliwapa watu moyo wa kupigana na Wajerumani mwaka 1905. Sheria ya uchawi tunayo tangu mwaka 1928, na bado katika nchi hii vikongwe wameuawa eti kwa sababu macho yao ni mekundu. Mtoto akimwona Karaba, anamkumbuka bibi fulani anayeishi peke yake, ambaye watoto wakipita kwake wanatimua mbio.

Sasa angalia katuni inamfanyaje huyo mchawi. Wakubwa wanamwogopa na kumchukia. Kirikou peke yake anauliza: kwa nini Karaba ni mbaya? Anamfuata babu yake mlimani, anaambiwa kuna mwiba mgongoni mwa Karaba, watu walimchoma nao, unamtesa usiku na mchana. Mtoto anaomba hirizi, babu anamnyima. Anarudi na akili yake tu, anauchomoa ule mwiba kwa meno.

Na wale wanaume? Hawakuliwa! Walikuwa wamegeuzwa vitu vya kumtumikia. Kijiji kizima kilikuwa kinaishi kwa uvumi.

Hiyo inafundisha uchawi, au inafundisha kuuliza kabla ya kuokota jiwe?

MKAGUZI NI NANI?

Kenya, mwaka 2017, bodi yao ya filamu ilizipiga marufuku katuni sita, zikiwemo The Legend of Korra na Adventure Time, kwa madai kwamba zinatangaza mapenzi ya jinsia moja. Na sisi tunayo Bodi ya Filamu na sheria yake ya mwaka 1976. Lakini mkaguzi gani atapanda mtumbwi kuifuata flashi mpaka kwenye mikoko? Huko, mzazi, bodi ni wewe.

Masharti yangu ndiyo haya. Mtoto mdogo asiangalie peke yake. Mwiba ulipochomolewa, Karaba alipiga ukelele, na mpwa wangu wa miaka minne akajificha ubavuni kwa mama yake. Usiku akagoma kwenda choo cha nje. Pili, iangalie mwenyewe kwanza. Dada sasa anaifunga flashi kwenye pindo la khanga. Tatu, mtafsirie mtoto. Ya kwetu ilikuwa ya Kiingereza, na mimi na Kiingereza changu cha kuombea maji nilijitahidi. Asiyeelewa maneno anabaki na vitisho tu. Nne, ikiisha, zungumzeni. Mpwa wangu wa miaka tisa aliniuliza, "Mjomba, mbona hawakumuuliza Karaba mwenyewe tangu mwanzo?" Swali hilo ndilo faida ya katuni nzima.

Bibi zetu walitusimulia habari za mazimwi yanayomeza watoto, tena gizani, na tulikua salama. Kwa nini? Kwa sababu bibi alikuwa palepale. Akituona tumekodoa macho, analegeza sauti, anatia kichekesho, zimwi linapasuka tumbo tunacheka. TV haioni uso wa mtoto. Uso wa mtoto unaonwa na aliyekaa naye.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, kabla ya kugombana na mchawi wa kwenye kioo, vuta mkeka ukae. Wiki njema.