Nchi ya Angani na Watu wa Mitundu

Mitundu ni mbali na bahari. Iko mkoani Singida, kusini ya Itigi, katika nchi ya vichaka na asali. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 huko Vibambani, karibu na Tanga, penye upepo wa pwani. Hata hivyo, jina lake lajulikana Mitundu kama lijulikanavyo Tanga, kwa kuwa vitabu vyake vimesomwa shuleni kwa miaka mingi. Yafaa tujiulize: kwa nini mtu aliyesimulia habari za nchi isiyokuwako amependwa hivi na watu wenye jembe mkononi na shida za kweli?

Wako wasemao kwamba hadithi za ajabu ni mchezo wa watoto. Hatukubaliani nao. Kitabu chake Kusadikika, kilichotolewa mwaka 1951, chasimulia juu ya nchi iliyo angani. Huko Karama ashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha watu sheria. Kwa siku sita ajitetea barazani kwa kueleza habari za wajumbe sita waliotumwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alirudi na maarifa ya kuwafaa wenzake, na kila mmoja alitiwa gerezani.

Mwaka ule nchi yetu ilikuwa chini ya Waingereza, na mwandishi mwenyewe alikuwa karani wa serikali yao. Neno ambalo lingekuwa la hatari juu ya nchi ya duniani alilipandisha angani, na wenye macho wakaliona. Tena, katika Mashimo ya Mfalme Sulemani, kitabu cha Kiingereza kilichotiwa katika Kiswahili mwaka 1929, wageni waja Afrika kutafuta hazina. Katika Kusadikika ni mwananchi atokaye, naye ndiye arudishaye hazina nyumbani. Hiyo ndiyo siri ya kupendwa kwake.

Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, miezi michache baada ya Uhuru. Mtawala mgeni alikwisha kwenda zake. Je, Majivuno naye alipanda meli ile? La. Angali akikaa ofisini na karakanani, na tusijifiche, hukaa hata katika mikutano yetu wenyewe, kila mara mfanyakazi aletapo shauri jipya akaambiwa anyamaze.

Mwisho wa kitabu mfalme asikia, na wafungwa wafunguliwa. Basi kumpenda mwandishi huyu si kukariri majibu ya mtihani. Siku ndugu yetu wa Mitundu atakaposimama mkutanoni kusema jambo lisilotupendeza, tumwache amalize, kisha tulipime neno lake kwa haki. Tusipofanya hivyo, tutakuwa tumekisoma kitabu bure.