Maasai Hip Hop: albamu ya X Plastaz wa Arusha, na swali la nani mwenye wimbo

Mwaka 2004 kundi la vijana wa Arusha lilitoa albamu yake ya kwanza. Kundi liliitwa X Plastaz, na albamu ikaitwa Maasai Hip Hop. Haikutolewa Arusha wala Dar es Salaam. Ilitolewa na lebo ya Out Here Records ya Ujerumani, na wapenzi wa muziki wa Ulaya wakaweza kuinunua kama sidii.

Baadhi ya wasikilizaji wetu wa Makumira, Tengeru na Ngaramtoni walikuwa hawajazaliwa wakati huo. Wengine wanakumbuka jina la kundi, lakini hawajawahi kusikia kazi hiyo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Katika makala haya tunaeleza kundi hili lilikuwa la akina nani, lilifanya jambo gani jipya, na kwa nini jambo hilo linamhusu kijana anayemrekodi bibi yake kwa simu leo ili atengeneze wimbo.

X Plastaz walikuwa akina nani?

Kundi lilianza Arusha mwaka 1996. Sauti zilizojulikana zaidi ni za Nelly, ambaye wengi walimwita Faza Nelly, pamoja na Gsan na Ziggy, ambao ni ndugu. Dada yao Dineh naye akaingia kundini. Kwa hiyo kwa sehemu kubwa lilikuwa kundi la familia moja na rafiki zao.

Baadaye akaongezeka mtu ambaye hakuna kundi la rapu nchini lililokuwa na mfano wake: Merege, Mmasai aliyekuja na uimbaji wa kwao. Merege hakuja kuchana mistari. Alikuja kuimba kama wanavyoimba morani, kwa Kimasai, huku wenzake wakighani kwa Kiswahili cha mtaani.

Tangu kundi lianze hadi albamu itoke ilipita miaka minane. Kijana wa leo anayerekodi wimbo asubuhi na kuurusha mtandaoni jioni anaweza kushangaa. Ili kuelewa, inabidi turudi nyuma kidogo.

Rapu ya Kiswahili ilikotoka

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Saleh Jabir aliuchukua wimbo wa Mmarekani Vanilla Ice akauwekea maneno ya Kiswahili. Watu wakaona kumbe inawezekana. Wakati huo nchi ilikuwa na redio ya serikali tu. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ikafungua mlango kwa vituo binafsi, na mwaka 1994 Radio One ikaanza kusikika kutoka Dar es Salaam. Vijana wakapata mahali pa kupeleka nyimbo zao. Mr. II, yaani Joseph Mbilinyi, ambaye baadaye alikuwa mbunge wa Mbeya Mjini, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuonyesha kwamba albamu ya rapu ya Kiswahili inaweza kuuzika.

Lakini studio kubwa zilikuwa Dar es Salaam, na wasambazaji wa kanda pia walikuwa huko. Msanii wa Arusha aliyetaka kufika mbali alipaswa kupanda basi, kulipia studio, kisha kumsubiri msambazaji aamue kama kanda yake ina soko. Mara nyingi aliyeamua alitaka kitu kinachofanana na kilichouza jana. Kundi lenye Mmasai anayeimba kwa lugha yake halikuwa kitu cha jana.

Njia ya X Plastaz ilipitia upande mwingine. Mholanzi Thomas Gesthuizen, aliyekuwa akiendesha tovuti ya hip hop ya Afrika, alikuwa meneja wao. Kupitia mtandao na maonyesho ya nje, kundi likajulikana Ulaya, na hatimaye lebo ya Ujerumani ikaichukua albamu.

Wimbo wa Kimasai hauna ngoma

Hapa ndipo penye utamu wa kazi hii, na panahitaji maelezo.

Uimbaji wa Wamasai hautegemei ngoma. Mtangulizi, ambaye kwa Kimasai huitwa olaranyani, anaanza kwa sauti ya juu. Wenzake wanaitikia chini yake kwa sauti nzito ya kooni na kifuani. Mapigo yanatoka kwenye pumzi: zinaingia, zinatoka, na mwili unakwenda nazo. Wanaporuka, miguu inapotua chini nayo inahesabu. Ukisimama pembeni ya vijana kumi wanaoimba hivyo, utasikia kitu kama mashine inayopumua, na hakuna mtu aliyeshika chombo chochote.

Rapu inajengwa kinyume chake. Kwanza kuna biti. Biti inahesabu moja, mbili, tatu, nne, na kishindo kikali mara nyingi huanguka kwenye mbili na kwenye nne. Anayeghani anapanga maneno yake juu ya hesabu hiyo, na akiikosa kila mtu anasikia.

Sasa ukitaka kuviweka viwili hivi pamoja, mmoja lazima amsikilize mwenzake. Njia rahisi ni kukata kipande cha sekunde chache cha uimbaji wa Kimasai kutoka kwenye rekodi, kukirudiarudia, na kukifunga kwenye biti. Kipande hakiwezi kubisha. Mwimbaji akiwa hai ndani ya studio, mambo hubadilika. Anaweza kusema hapo mmewahi, hapo mmenikata pumzi, wimbo huu haukatizwi hapo. X Plastaz walikuwa na mwimbaji wa namna hiyo ndani ya kundi. Merege alikuwa mwanakundi mwenye jina, na alipanda nao jukwaani akiwa amevaa shuka lake.

Tafuta wimbo wao uitwao Msimu kwa Msimu uusikilize kwa spika za masikioni, maana spika ndogo ya simu inameza sauti nzito za chini.

Wimbo mwingine wa kundi, Nini Dhambi kwa Mwenye Dhiki, unabeba swali zito kwenye jina lake. Mtu mwenye njaa anayefanya lisilofaa ili ale, tumhukumu vipi? Wimbo huo ulitoka pia kwenye mkusanyiko wa rapu ya Kiswahili ambao lebo hiyohiyo ya Ujerumani iliutoa mwaka 2004, pamoja na wasanii wa Dar es Salaam. Tunautaja ili mtu asidhani kwamba kazi yote ya X Plastaz ilikuwa shuka na kuruka. Walizungumzia maisha ya mtaa wao.

Je, jina la albamu lilikuwa la haki?

Swali hili limeulizwa na wasomi na wapenzi wa muziki, na ni swali la halali. Katika kundi zima, Mmasai alikuwa mmoja. Kwa nini basi albamu nzima iitwe Maasai Hip Hop?

Wapo wanaosema jina lilitengenezwa kwa ajili ya wanunuzi wa nje. Mzungu anayepita dukani huko Ulaya halijui jina la Arusha, lakini Mmasai amemwona kwenye picha za watalii. Hoja hii ina uzito, hasa kwetu tunaoishi kwenye njia ya watalii na tunaoona kila siku jinsi picha ya Mmasai inavyouza vitu ambavyo yeye mwenyewe hapati chochote.

Lakini kuna upande wa pili. Miaka hiyo, mjini, Mmasai alikuwa mtu wa kuchekwa: mlinzi wa getini, mtu wa Kiswahili kibovu. Mr. Ebbo, ambaye alifariki mwaka 2011, aliigeuza dharau hiyo kuwa ushindi kwa wimbo wake Mi Mmasai, akiimba Kiswahili kwa lafudhi ya Kimasai kwa makusudi, kwa utani na kwa fahari. X Plastaz walikwenda hatua nyingine. Kwao Mmasai hakulazimika kuzungumza Kiswahili wala kuchekesha. Aliimba kwa Kimasai, na msikilizaji ndiye aliyetakiwa kusogea.

Sisi tunaona pande zote mbili zina ukweli. Jina liliuza, na jina lilimpa heshima mtu aliyekuwa akidharauliwa. Kipimo chetu ni kimoja: je, aliyebeba sauti hiyo alikuwapo, akijulikana kwa jina? Alikuwapo.

Makumira nayo ina kisa chake

Kuchukua sauti ya asili na kuiingiza kwenye kitu kipya hakukuanza na rapu. Miaka ya 1960, pale chuo cha theolojia cha Walutheri Makumira, mwalimu Howard Olson aliwahimiza wanafunzi kutunga nyimbo za ibada kwa sauti za makwao badala ya kutegemea sauti za Ulaya peke yake. Mwanafunzi mmoja, Bernard Kyamanywa, akaandika mwaka 1966 wimbo wa Pasaka, Mfurahini Haleluya, ambao leo unaimbwa kwa Kiingereza kwenye makanisa ya Marekani na kwingineko. Jina lake limechapishwa vitabuni kando ya wimbo.

Kwa hiyo watu wa Makumira wamekwisha kuona sauti ya kijijini ikivuka bahari. Na wameona kwamba jina likiandikwa, linavuka nayo.

Yaliyofuata

Mwaka 2006, miaka miwili tu baada ya albamu kutoka, Faza Nelly aliuawa Arusha. Kundi lilipoteza mmoja wa nguzo zake, na hip hop ya kaskazini ikapoteza mtu wake. Anayetaka kumsikia pamoja na wenzake katika kazi moja iliyokamilika, anarudi kwenye albamu hiyo.

Mwaka 2009 Gsan alighani kwa Kiswahili kwenye duara la marapa la tuzo za BET Hip Hop huko Marekani. Arusha nayo iliendelea kutoa watu wa hip hop, wakiwamo Nako 2 Nako, kundi walilotokea Lord Eyez na G Nako.

Ukitaka kutumia wimbo wa asili

Vijana wengi wanatuuliza kama nyimbo za kabila ni za bure kwa sababu mtunzi hajulikani. Sivyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda pia sanaa za jadi zinapotumiwa kibiashara nje ya mazingira yake ya asili, na inataka kibali. COSOTA iliundwa na sheria hiyohiyo. Kabla ya kutoa wimbo, ulizia kwao.

Mbali na sheria, kuna uungwana. Mwombe mwimbaji ruhusa kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi, na umweleze wimbo unakwenda wapi. Uliza kama wimbo huo una wakati wake, kwa maana baadhi ni za tohara au za wazee na haziimbwi ovyo. Rekodi wimbo mzima, hata kama utatumia sekunde ishirini, kisha umpelekee yeye na familia yake nakala kwenye memori kadi. Andika jina lake kwenye wimbo, siyo maneno "sauti ya asili" tu. Mkubaliane mgawo kabla ya pesa kuonekana, mbele ya shahidi, kwa maandishi, hata kama ni ukurasa mmoja wa daftari. Na biti ikiwa tayari, mpigie simu aje aisikilize kabla hujaitoa. Akisema mmemkata pumzi, rudini studio.