Muhogo Hautaki Haraka

Kila mwenye nyumba huku Newala na Masasi ajua kwamba fedha ya korosho huanza kuingia kama mwezi wa Oktoba, nayo huondoka upesi kuliko ilivyokuja. Ifikapo Februari mavuno mapya bado, na mama wa nyumba ana fedha ya chumvi na dagaa kidogo, basi. Hapo muhogo ndio tegemeo.

Wala chakula hicho si cha kudharauliwa. Mama yetu Aisha (R.A.) amesimulia kwamba miezi ilipita pasiwashwe moto wa kupikia katika nyumba za Mtume (S.A.W.), chakula chao kikawa tende na maji. Ugali wa muhogo kwa mbaazi, au kwa kisamvu kilichoungwa kwa karanga au korosho zilizovunjika, ni mlo wa kushukuriwa. Anayeona haya kumwandalia mgeni mbaazi, haya hiyo hakuipata katika dini.

Lakini uko ubanaji mmoja usiofaa, nao ni kubana siku za kuutengeneza muhogo mchungu. Mwaka 1988, njaa ilipoingia Masasi kwa sababu ya ukame, watu hawakuweza kungoja makopa yakauke. Waliutwanga muhogo mbichi na kuuanika, tena na tena, wapate unga siku ile ile. Njia hiyo yaitwa chinyanya. Watu wakaugua kwa sumu. Kusini ya Ruvuma, huko Nampula katika Msumbiji, mwaka 1981 watu zaidi ya 1,000 walipooza miguu kwa maradhi yaitwayo konzo, ambayo hayana dawa ya kuyaponya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 yakaonekana katika mkoa wetu wa Mtwara. Tumeamrishwa kula vilivyo halali na vizuri. Muhogo huo ni halali, lakini si mzuri.

Mwenye shaka na unga wake na autie maji mpaka ulowane, autandaze katika ungo, unene usifike sentimita 1, auache juani kwa muda wa saa 2 au kivulini saa 5. Sumu huondoka na hewa. Kisha aupike siku hiyo hiyo. Najua maji ya Newala hayachezewi, lakini haya hayamwagwi. Huingia katika ugali.

Mbaazi na dagaa nazo huusaidia mwili kuishinda sumu iliyobaki. Basi zikisalia shilingi chache, nunua dagaa kabla ya sukari.